Mwanafunzi asiyejua kwamba haoni ubao

Fomu ya afya anayokuja nayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa na kipengele cha macho. Mara nyingi hujazwa neno moja, "salama", muhuri unagongwa, mambo yanaendelea. Neno hilo lina maana kwamba macho hayakuwa mekundu siku ile na mwenyewe hakulalamika. Halina maana kwamba kuna mtu alimsimamisha mita 6 kutoka kwenye chati, akamziba jicho moja, akamtaka asome mpaka mstari wa chini.

Na mwenye upeo mdogo wa macho kuona, yaani tatizo linalorekebishwa kwa miwani, huwa halalamiki. Chukua kijana mwenye −2.00, yaani nguvu ya lenzi anayohitaji kwa kipimo cha dayopta, alama ya kutoa ikimaanisha haoni mbali. Kila kilicho ndani ya sentimita 50 anakiona vizuri bila miwani: simu, madesa, kompyuta mpakato akiisogeza kidogo. Asichokiona ni ubao, slaidi, kibao cha mbele cha daladala ya Mwanjelwa, na sura ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hali ilianza taratibu tangu sekondari, kwa hiyo hana cha kulinganisha nacho; anadhani wenzake wote wanaona hivyo hivyo. Anazoea kuwahi viti vya mbele, kupiga picha slaidi kwa simu kisha kuzikuza, kunakili daftari la jirani. Mtaani anapita watu bila salamu, na huku kwetu nyanda za juu kusini mtu asiyesalimia anahesabiwa ana majivuno, kumbe maskini hakuwaona.

Hesabu ya ukumbini iko hivi. Mtu mwenye macho mazima, yaani 6/6, akiwa mita 15 kutoka ubaoni anaweza kutambua herufi yenye kimo cha sentimita 2.2 hivi. Mwenye −1.00 asiye na miwani huona kama 6/18, yaani akiwa mita 6 anasoma kile ambacho jicho zima linakisoma kutoka mita 18, mara tatu pungufu, hivyo kwa umbali uleule anahitaji herufi ya sentimita 6.5. Mhadhiri akiandika herufi za sentimita 4, walio nyuma wenye macho mazima wanasoma, yeye anaona ukungu. Akihamia mita 5 kutoka ubaoni, herufi ya sentimita 2.2 inamtosha. Ndiyo maana kukaa mbele "kunaponya", na ndiyo maana tatizo halijulikani mpaka siku anapochelewa kipindi akakuta viti vya nyuma tu.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Konea, kile kioo cha mbele, pamoja na lenzi ya ndani hukusanya mwanga ili ukutane juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Jicho likirefuka kwa milimita 1 tu, mwanga unakutana kabla ya kufika kwenye retina na mtu anapata karibu −2.50 hadi −3.00. Hiyo ni miopia, kutoona mbali. Jicho likiwa fupi kuliko inavyotakiwa, ni hipametropia. Konea ikipinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama yai lililolazwa, ni astigmatizimu: mistari ya wima inaweza kuonekana wazi na ya ulalo ikawa na kivuli, na 8 inasomwa 6 au 3, jambo baya kwa mtu anayenakili hesabu za uhandisi. Prezbiopia, ile ya kusogeza gazeti mbali baada ya miaka 40, inamhusu mhadhiri na wale wanaosoma shahada ya uzamili wakiwa kazini.

Mwenye hipametropia ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu chati haimkamati. Kijana wa miaka 20 ana misuli ya ndani ya jicho inayoweza kuongeza nguvu ya lenzi kwa dayopta 10 hivi. Mwenye +2.00 anatumia dayopta 2 kuona mbali tu, kisha anaongeza 2.50 nyingine ili asome kitabu kilicho sentimita 40. Chati ya mbali anaisoma yote, 6/6, anaambiwa macho yako mazima, nenda. Baada ya saa moja ya kusoma maktaba kichwa kinaanza kuuma juu ya nyusi, herufi zinacheza, usingizi unamkamata. Anameza panadoli, au anaambiwa hana moyo wa kusoma. Kumbaini ni rahisi mno: mwekee lenzi ya +2.00 mbele ya jicho, mwambie asome tena chati ya mbali. Jicho zima litaona ukungu. Jicho likiendelea kusoma mstari uleule wa chini, lina hipametropia iliyojificha na linahitaji kupimwa kikamilifu. Kliniki yoyote ya chuo inaweza kununua lenzi moja ya namna hiyo na kuifanya sehemu ya uchunguzi wa kujiunga, na sioni sababu ya kutofanya hivyo.

Tatizo hili ni la kawaida kiasi gani? Kwa hapa nchini, utafiti uliochapishwa 2002 ulipima wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza. Asilimia 6.1 walikuwa na tatizo kubwa la upeo wa macho kuona, karibu wote wakiwa na miopia, asilimia 5.6. Kati ya wenye tatizo, ni asilimia 30.3 tu waliokuwa na miwani kabla ya kupimwa. Ukichukua kiwango hichohicho ukakipeleka kwenye ukumbi wa watu 300, pale chuo cha MUST Mbeya au Mkwawa Iringa, unapata wanafunzi 18, na 12 au 13 kati yao hawana miwani. Mimi nakihesabu kiwango hicho kuwa cha chini kwa chuo. Waliofika chuoni ndio waliosoma miaka mingi zaidi, na uhusiano wa miaka ya shule na miopia unajulikana vizuri: utafiti wa Uingereza wa 2018, uliotumia taarifa za vinasaba za watu zaidi ya 67,000, ulionyesha kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo unasogeza kipimo kwa kama −0.27. Norway waliwafuata wanafunzi wa uhandisi kwa miaka mitatu. Wenye miopia waliongezeka kutoka asilimia 48 hadi 65. Kwa hiyo macho yanaweza kubadilika hata baada ya miaka 20, na miwani ya kidato cha nne haitoshi kukufikisha kwenye mahafali.

Asia Mashariki wako mbali zaidi. Jijini Seoul, asilimia 96.5 ya vijana wa kiume wa miaka 19 waliopimwa kwa ajili ya jeshi walikuwa na miopia, na kwenye chuo kikuu kimoja cha Shanghai wanafunzi walifika asilimia 95.5. Lakini usizilinganishe namba hizi kijuujuu na zetu. Wengine huhesabu kuanzia −0.50, ambayo mtu anaweza kuishi nayo bila kujua, wengine huhesabu yule tu anayeshindwa kusoma mstari fulani wa chati. Kinachoeleweka ni sababu: masomo ya karibu kwa saa nyingi tangu utotoni na mwanga mdogo wa jua. Guangzhou, China, waliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, miopia mpya ilikuwa asilimia 30.4 badala ya 39.5. Hilo ni la kuwaambia wazazi wenye watoto wadogo. Kwa aliye chuoni, jicho lililokwisha kurefuka halirudi nyuma kwa jua, kwa karoti wala kwa mazoezi ya kuzungusha macho. Karoti zina kazi yake, vitamini A hukinga macho dhidi ya ukavu mbaya na upofu wa usiku, lakini hazifupishi jicho.

Kabla ya kwenda popote, jipime mwenyewe kwa dakika tano. Chukua kadi ngumu, itoboe kwa sindano nene mpaka tundu liwe na upana wa kama milimita 1. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, chagua maandishi ya mbali unayoyaona kwa ukungu, kisha yatazame kupitia tunduni. Yakiwa wazi zaidi, tatizo huenda ni la upeo, na miwani italirekebisha. Yasipobadilika au yakizidi kufifia, usianzie duka la miwani. Inawezekana ni retina, mtoto wa jicho au kitu kingine, na hapo ni kliniki ya macho ya hospitali. Rudia jicho la pili. Hatua hii ya jicho moja moja watu wanairuka, na ndiyo inayofichua wenye jicho moja −0.25 na lingine −3.00, ambao kwa macho yote mawili wanaona kila kitu.

Kama karibu unaona vizuri na mbali huoni, ongeza futi ya fundi cherehani. Bila miwani, jicho moja likiwa limezibwa, shika maandishi madogo karibu na uso, yasogeze mbali polepole mpaka yaanze tu kufifia, mwenzako apime umbali kutoka jichoni. Gawa 1 kwa umbali huo wa mita. Sentimita 50 ni −2.00, sentimita 33 ni −3.00, sentimita 25 ni −4.00. Usitengenezee miwani kwa hesabu hii, haioni astigmatizimu. Inakusaidia kujua kama atakayekupima yuko njiani au amepotea.

Na kupotea kupo. Mabango ya "tunapima macho kwa kompyuta" yako kila mji, kuanzia Mafinga mpaka Tunduma. Mashine ile ni nzuri, lakini karatasi inayotoka ni mahali pa kuanzia tu. Kijana akiinamisha kidevu kwenye mashine baada ya saa tatu za kompyuta mpakato, misuli ya ndani ya jicho bado imekaza, na mashine inaweza kusoma −1.00 kwa mtu ambaye kwa kweli ni 0.00 au hata +0.50. Baada ya mashine lazima ukalishwe mbele ya chati, uwekewe fremu ya majaribio, uulizwe "hii au hii?" mpaka mwisho. Sikiliza unachoulizwa. Lenzi ya kutoa, ile ya mwenye miopia, inapozidi, herufi zinakuwa ndogo na nyeusi zaidi, na watu husema "hii nzuri" kwa sababu ya weusi. Swali sahihi ni je, umesoma herufi ambayo hukuisoma kabla? Kama hapana, nguvu hiyo haikuhitajika. Kuna pia chati yenye nusu nyekundu na nusu kijani: kwa mwenye miopia, herufi za upande wa kijani zikiwa wazi zaidi, lenzi imezidi, za upande mwekundu zikiwa wazi zaidi, bado kidogo.

Mtaalamu akihisi misuli imekaza atakuwekea matone ya kuilegeza, mara nyingi saikolopentoleti ya asilimia 1, na kukupima tena baada ya dakika 30 hadi 40. Matone haya ndiyo yanayotoa ukweli wa mwenye hipametropia. Yanakufanya usiweze kusoma vizuri kwa karibu mpaka siku nzima, na jua litakuumiza, kwa hiyo usiende kuwekewa siku ya kuamkia mtihani.

Karatasi ya kipimo ni mali yako, idai. Utakuta kitu kama R −2.25 / −0.75 × 180. R ni jicho la kulia. Namba ya kwanza, SPH, ni nguvu ya lenzi: alama ya kutoa ni miopia, ya kujumlisha ni hipametropia. Ya pili, CYL, ni astigmatizimu. Ya tatu, AXIS, ni nyuzi kati ya 1 na 180 zinazoonyesha astigmatizimu imelala upande gani. Halafu PD, umbali kati ya mboni mbili, ambao kwa watu wazima wengi ni kama milimita 60 hadi 65. PD ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Fundi akiikisia, katikati ya lenzi hapakai mbele ya mboni: kwa −5.00, kukosea milimita 4 kwa jicho moja kunaleta mvuto wa prizimu 2 (kipimo cha lenzi kupindisha mwanga), na jicho litashinda siku nzima likivutana nao. Mwenye −1.00 huenda asihisi kitu. Mwenye −5.00 ataumwa kichwa na kuilaumu miwani kwa ujumla wake, kisha ataivua na kuiweka kabatini.

Miwani ikitoka, ikague palepale dukani kabla hujamalizia fedha. Ishike kwa urefu wa mkono, tazama kupitia lenzi moja mstari ulionyooka, kwa mfano fremu ya mlango. Sogeza miwani kulia na kushoto. Mstari ukifuata upande uleule unaosogeza, lenzi ni ya kutoa. Ukienda kinyume, ni ya kujumlisha. Sasa izungushe kama usukani: mstari ukijipinda na kukatika ndani ya lenzi, kuna astigmatizimu humo. Kama karatasi yako ina CYL na mstari haujipindi, wamekupa lenzi isiyo yako. Kama kipimo cha kulia ni −1.00 na cha kushoto ni −3.00, lenzi ya kushoto lazima isogeze mstari zaidi na ipunguze vitu zaidi. Ikiwa kinyume, zimebadilishwa pande. Kwa namba kubwa chagua fremu ndogo ya mviringo inayokaa katikati ya uso, kwa sababu lenzi ya kutoa hunenepa kadiri unavyotoka katikati, na fremu pana itakupa kingo nene na nzito puani.

Lenzi zinazobadilika rangi juani zina tabia ambayo watu wa Njombe, Makete na Mbeya wanapaswa kuijua: kwenye baridi hugeuka nyeusi zaidi na huchelewa kurudi. Asubuhi ya Juni yenye jua utaingia darasani ukiwa bado na miwani ya giza kwa dakika kadhaa. Lenzi za kuzuia mwanga wa buluu sikushauri uziongezee fedha kwa sababu ya kompyuta. Mapitio ya tafiti 17 yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia tafiti za tiba, hayakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida kwa muda mfupi uliopimwa. Fedha hiyo iweke kwenye kipimo chenyewe. Miwani ya kusomea ya wamachinga ni ya kujumlisha, +1.00 kwenda juu. Mwenye miopia akiivaa anaharibu zaidi anavyoona mbali.

Uchovu wa mbele ya skrini, kwa wengi, ni ukavu. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika akiwa ametulia, na akikodolea skrini hushuka hata chini ya nusu. Jumlisha vumbi la kiangazi kuanzia Juni hadi Oktoba, upepo wa Makambako na Iringa, na moshi wa jiko la mkaa ndani ya geto lisilo na dirisha la maana. Kila dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho zaidi ya mita 6 kwa sekunde 20, upepese kwa makusudi. Aliye Mbeya ana mlima Loleza, aliye Iringa ana mawe ya Gangilonga.

Vumbi hilohilo linaleta jambo zito zaidi. Macho yanawasha, mtu anayafikicha kwa nguvu miaka na miaka. Kufikicha kunachangia konea kulegea na kuchongoka, ugonjwa unaoitwa keratokonasi, ambao mara nyingi hujitokeza kati ya ujana wa sekondari na miaka ya chuo. Dalili yake kwenye karatasi ni CYL inayopanda haraka, tuseme −1.00 mwaka jana na −2.50 mwaka huu, na miwani mipya isiyokufikisha 6/6. Ukiona hivyo, usiendelee kubadilisha miwani. Omba rufaa ukapimwe umbo la konea, kwa sababu kuna matibabu ya kuizuia isiendelee na hayarudishi kilichokwisha haribika. Na muwasho wenyewe usiutibu kwa matone ya deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, uliyoelekezwa na mwenzako. Yanatuliza haraka sana, ndiyo hatari yake: yakitumika wiki kwa wiki bila kusimamiwa yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha hiyo haiumi mpaka uoni wa pembeni umeshaondoka.

Kipimo kinachopanda na kushuka ndani ya wiki chache ni habari nyingine tena. Hapo pima sukari kabla ya kununua miwani. Ukiona mimweko ya mwanga, vidoti vingi vyeusi vinavyoelea kwa ghafla, au kivuli kinachoshuka kama pazia upande mmoja, hasa kama una −6.00 au zaidi, hiyo inaweza kuwa retina inayobanduka. Nenda hospitali ya rufaa siku hiyohiyo, iwe Mbeya au Iringa, useme dalili hizo kwa maneno hayohayo mapokezi.

Kwa mengine yote, wakati mzuri ni wiki za mwanzo za muhula, bumu, fedha ya mkopo wa chuo, likitoka na mitihani ikiwa bado mbali. Uliza kwanza bima yako inalipia nini: kumwona mtaalamu, lenzi, fremu, au kimoja tu. Miwani mpya, hasa yenye CYL, inaweza kufanya sakafu ionekane imeinama kwa siku chache. Ivae mfululizo, usiivae ukumbini tu. Kuivaa hakuzidishi ubovu, na kupewa namba pungufu kwa makusudi "ili macho yasizoee" hakupunguzi kasi ya miopia. Wiki mbili zikipita sakafu ikiwa bado imeinama au kichwa kikiwa bado kinauma, rudi dukani na karatasi yako, utake walinganishe lenzi na kilichoandikwa, SPH, CYL, AXIS na PD, namba moja baada ya nyingine mbele yako.